Njia Aliyoifunga Patro

Haya niliyaona kwa macho yangu mawili. La kushoto lina mtoto wa jicho, basi ukitaka sema niliyaona kwa jicho moja na nusu, lakini niliyaona. Usije ukasema mzee amesikia mahali. Mke wangu Mama Furaha yupo, muulize. Yeye hapendi uongo hata ule wa kumfurahisha mgeni.

Lakini ngoja kwanza. Nikiwa mtoto kule kwetu Fizi, Kongo, jino liliniuma mpaka nikawa nalia na mbuzi. Kwenye zahanati ya misheni kulikuwa na muuguzi mmoja mnene, aliyeng'oa meno kwa koleo. Alikuwa amechoka kukwaruzwa na watoto, kwa hiyo kila mtoto alimpa bonge la udongo wa mfinyanzi: finya hili, usinifinye mimi. Nikafinya. Jino likatoka na damu yake, na nilipofungua kiganja, kumbe nimemtengeneza yeye mwenyewe, na tumbo lake, na ile shingo yake isiyoonekana. Alicheka mpaka akatafuta kiti, kisha akaiweka sanamu dirishani wagonjwa waione. Shuleni sikukaa. Mwaka wa pili baba alinitoa nikachunge, na maandishi hadi leo nayasoma polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini mikono ilikuwa imeshajua kazi yake.

Mikono hiyo ndiyo inayonilisha hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda. Ninakaa Kashojwa, shamba langu dogo lina mawe kuliko maharage, basi natengeneza vita. Ndiyo, vita. Vita vidogo vya sanamu juu ya ubao, vya kuwekwa mezani. Mtu wangu ana urefu wa dole gumba. Mifupa yake ni waya, nyama yake ni udongo wa kando ya ziwa niliouchanganya na jivu na gundi. Bunduki ni njiti ya kiberiti iliyochongwa kwa wembe, majani ni unga wa mbao uliotiwa rangi, na damu, nisamehe, ni rangi ya kucha. Nimetengeneza askari wa zamani wa Wabelgiji na wapagazi wao wamebeba mzinga vipande vipande. Nimetengeneza vifaru vilivyopita Mbarara wakati Watanzania walipokuja kumtoa rais wa Uganda. Vifaru ndivyo wanavyovipenda wazee waliostaafu jeshi. Mmoja alinikuta pale duka la Mbarara ninakopeleka kazi zangu, akanishika mkono, akaniuliza kwa Kiswahili chao cha jeshi la Uganda. "Mzee, wewe nalikuwa wapi hiyo siku? Hii tanki nalipita mbele ya nyumba yetu, namna hii hii." Nikamwambia nilikuwa kwetu nachunga mbuzi. Hakuniamini.

Sasa kuna jambo moja la kazi yetu, lisikie vizuri. Sisi watengenezaji wa Kashojwa tu wachache, Wakongomani na Warundi, na wote tunafanya hivi: ukishaweka kijiji na askari wanaokishambulia, kabla udongo haujakauka unaburuta kidole kutoka katikati ya kijiji mpaka ukingo wa ubao. Hiyo ni njia. Hapo husimamishi askari. Nani alituanzishia, sijui. Ila kila mmoja wetu yuko hapa kwa sababu siku yake kulikuwa na njia, awe alipita kwenye mihogo au kwenye maji. Ukitaka kutengeneza vita visivyo na njia, mkono unakataa.

Ndipo akaja Patro. Sisi Wakongomani mtu mwenye mali tunamwita hivyo, na huyu alikuwa na maduka Mbarara, kofia nzuri, na gari aliloliacha barabarani mbele ya nyumba yangu. Aliviona vifaru vyangu dukani akaulizia mwenye kuvitengeneza. Jirani yangu Mrundi ndiye aliyemleta, na mimi nikamsalimia kwa Kirundi changu cha kuazima, kama ninavyosalimiana na majirani kila siku. Basi akanihesabu Mrundi. Angejua mimi ni wa wapi, angefunua kinywa vile? Niambie wewe.

"Papa, minataka vita yangu."

"Vita gani, Patro?"

"Yangu mie. Nilikuwa komanda kule Kongo."

Akaokota kijiti akachora chini. Mlima hapa. Mto pale. Kanisa, nusu mabati nusu nyasi. Na kwenye mti, akasema, kulikuwa na ringi ya gurudumu la lori, ndiyo kengele yao.

Ringi ile naijua. Niliigonga kwa jiwe siku dada yangu mkubwa, Riziki, alipoolewa kijiji kile. Miaka ikapita, tukasikia kijiji hakipo. Hakuna aliyekuja kutueleza, hata mmoja. Nyumbani tulibishana mpaka tukachoka: labda walivuka ziwa, labda wako Tanzania, labda Riziki ana wajukuu mahali. Mama yangu alikufa akisema labda.

Nikamuuliza Patro, kwa sauti ya mtu wa kazi tu, "Na njia niipitishe wapi?"

"Njia gani?"

"Ya watu kutoka."

Akacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, na hicho ndicho kilichonichoma. Alicheka kama umemuuliza kama uji una moto. "Tulifunga, Papa. Ku mto, ku mulima, ku mihogo, fasi yote. Hakuna mutu alitoka. Usiniwekee njia. Minataka ya kweli."

Hivyo ndivyo nilivyopata habari za dada yangu, kutoka kwa mtu aliyeshika kijiti.

Panga lilikuwa nyuma ya mlango. Sikufichi, nililiangalia. Kisha nikasema, "Nitatengeneza."

Nikatengeneza kwa hasira, na hasira, niamini, inajua kazi. Kila nyumba niliipa jiko lake. Nilimweka Riziki mlangoni pake. Patro nilimsimamisha mlimani na darubini yake, nikamgandisha kwa gundi nyingi asitikisike. Lakini njia ikanishinda. Nikiifuta jioni, asubuhi kidole kinaichora tena. Nilitaka mtu yule asiwe na pa kutokea duniani, unanielewa? Lakini kuifunga kwake ni kuifunga na kwa Riziki, na nani ataifunga njia ya dada yake mara ya pili? Mama Furaha alinitazama akatikisa kichwa. "Baba, wewe na tope lako mutauana."

Siku moja mchana, yeye yuko Base Camp, upande wa ofisi za kambi, kwenye foleni ya mahindi ya mgao, mvua ikanyesha. Ilipiga turubai hata usisikie hatua za mtu. Nikainua macho, mwanamke amesimama mlangoni. Kijana, miguu mitupu, kitenge kimoja. Nikadhani anajikinga mvua.

"Karibu, mama. Ikaa."

Hakukaa. Maji yalikuwa yanamwagika nyuma yake kama pazia, na yeye alikuwa mkavu kama unga. Akainamia ubao.

"Papa, hii nyumba mulango wake ulikuwa unaangalia mto."

Nikaugeuza mlango. Usiniulize kwa nini nilitii.

"Na Riziki hakukuwa anafunga kitenge hivi. Fundo alikuwa anatia ku bega."

Ni kweli, alifunga begani tangu yuko msichana. Nani ndani ya Nakivale hii anayajua hayo? Nikamuuliza, "Wewe ni binti ya nani?"

"Ya pale." Hakuonyesha Kongo. Alionyesha nyumba moja kwenye ubao, ya pili kutoka kanisani. "Batu bote tuko ndani, Papa. Usituogopee. Kwetu njia haina kazi tena. Funga."

"Siwezi."

"Basi nitafunga mie."

Akamng'oa komanda mlimani. Gundi yote ile, akatoka kama ndizi kwenye mkungu. Akamsimamisha katikati ya kijiji, chini ya ringi. Kisha akaikandamiza njia kwa dole gumba, polepole, kama mama anayeziba ufa wa chungu, mpaka ukingoni, na pale akaacha alama yake ya mwisho. "Akikuuliza njia," akasema, "umuambie ya kweli. Yeye mwenyewe anaipenda ya kweli." Akatoka mvuani.

Mimi mtu wa udongo, dole gumba nalijua. Kazi yangu na ya jirani nazitofautisha kwa mistari ya kidole peke yake. Alama ile haikuwa na mstari hata mmoja. Laini kama mgongo wa kijiko. Nikaweka dole gumba langu ndani yake kulinganisha. Ilikuwa baridi.

Patro akaja siku ya soko, jua kali, watu wanapita. Nikafunua ubao. Akafurahi, akainama, akaonyesha mto, kanisa, akataja na majina ya vijana wake. Kisha akatafuta mlimani.

"Nani amenitoa huku?"

"Mwenye fasi," nikasema, yaani mwenye mahali pale. Nilisema kwa Kiswahili cha kwetu, kile cha Fizi, na hapo akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza.

"Nirudishe juu."

"Jaribu wewe."

Akakivuta kile kisanamu. Hakikutoka. Akavuta kwa mikono miwili, mtu mzima na maduka yake, jasho linadondokea ubao. Akaacha, akasimama, akageuka kutaka kwenda. Uwanja wangu una njia moja pana, inakwenda mpaka barabarani, na gari lake lilionekana pale mwisho linang'aa. Alitazama huko huko. Macho yake yakapita juu ya gari kama mtu anayetazama ukuta.

"Papa," akasema taratibu, "njia ya kutoka iko wapi?"

Wewe ungesema nini? Ningeweza kunyoosha kidole tu, gari lile pale.

"Ulisema hakuna," nikamwambia. "Ku mto, ku mulima, ku mihogo. Ulisema unataka ya kweli."

Kabla sijasema alichofanya, wacha nikuambie ya baadaye, nisije nikasahau. Polisi walikuja. Mmoja akaniuliza, "Mzee, wapi mwenye gari?" Nikamwambia ametembea. "Yeye natembea kwenda wapi, na gari iko hapa?" Nikamwambia hilo hata mimi nalifikiri. Wanawake wanaokata kuni walimkuta, akawauliza njia; wakamwonyesha, akawashukuru vizuri kabisa, akageukia upande mwingine. Wengine walimwona kando ya ziwa, akiuliza hilo hilo.

Na mimi dole gumba langu limekuwa laini. Mistari imefutika yote. Siku ya kugawa chakula mashine ya kusoma alama za vidole inanikataa, yule kijana ananifuta na kitambaa, anajaribu tena, inanikataa. Mama Furaha ndiye anayetupokelea. Watoto wakinikuta wananiomba niwaonyeshe. Nawaonyesha. Silii kwa hilo, ni bei ndogo. Ubao uko chini ya kitanda changu, na Riziki ana fundo lake begani.

Basi wewe unayesikia haya, kama uko miongoni mwa wale waliofanya mambo yale milimani, na sasa unauza sukari na saruji na watu wanakuita mheshimiwa, usije kwetu kutuagiza vita vyako. Nyamaza navyo. Usimwambie fundi jinsi ulivyofunga. Huwezi kujua nani yuko ndani anasikiliza.

Sasa turudi kwake, siku ile ya soko. Alivaa kofia yake vizuri. Akaliangalia tena gari asilione. Kisha akapita nyuma ya nyumba yangu, akaingia kwenye mihogo, hatua za mtu anayekwenda mahali. Majani yakatikisika, yakatulia. Nilikuwa nimekaa. Sikumwita, na leo pia nisingemwita. Hajarudi.