Kelele za Sista

Ungemsikia kabla hujamwona. Sista mzee aliyehudumia wodi ya wagonjwa wa ukoma aligonga ndoo ukutani, akakohoa, akaburuta kandambili, akamgombeza paka ambaye hata hakuwepo. "Debe tupu haliachi kuvuma," mama dobi wa hospitali alikuwa akinung'unika. Mpaka asubuhi moja mama dobi alipokuwa wodini akitandika vitanda, ndoo ikalia huko nje. Akaona wagonjwa wanavuta shuka na taulo, kila mmoja anaufunika uso wake apendavyo. Ndipo sista akaingia na ile mikono yake iliyochubuka kwa dawa, akaanza kuosha vidonda polepole, huku anatania: "Babu, leo umependeza! Unakwenda kuposa?" Babu akacheka mpaka akajifunua mwenyewe.

Sasa sista yuko kaburini, na padri amekuja kukusanya ushuhuda, maana wapo wanaotaka atangazwe mtakatifu. "Mama, uliwahi kuona muujiza wake wowote?" Mama dobi akakuna kichwa. "Miujiza siijui, baba. Mimi nilisikia kelele tu." Padri akashukuru, akainuka aende kuwasalimu wagonjwa, mkono tayari uko kwenye kitasa cha mlango wa wodi.

"Wee, baba, ngoja!" Mama dobi akamtia ndoo mkononi. "Gonga ukutani kwanza."

Padri akagonga kidogo, kwa aibu.

"Kwa nguvu, baba. Na ukohoe."