Kioo cha Violeth

Sostenes, fundi wa kuchomelea vyuma pale Masumbwe, alizoea kulalamika kwamba ufundi wa kutengeneza darubini umekufa.

"Nikiondoka mimi, basi," alimwambia mkewe, Juliana. "Siku hizi watu wanataka vya kununua."

Yeye alifundishwa na padri mmoja mzee kule Didia: unasugua vioo viwili vinene, kimoja juu ya kingine, kwa maji na unga wa msasa, mpaka kimoja kibonyee kama sahani. Darubini yake ilikuwa ya pekee mjini. Watu walikuja kuutazama mwezi kwake, naye akawapanga foleni kama daktari.

Violeth, muuza simu wa stendi, alimwomba amfundishe. Sostenes akamwambia arudi baada ya mavuno. Hakurudi. Alijifunza kwenye simu, akakusanya wachimbaji na walimu wa sekondari, wakawa wanasugua vioo juu ya mapipa nyuma ya duka lake kila Jumapili baada ya ibada.

Sostenes akaanza kupita njia ile hata asipokuwa na safari.

"Si ulikuwa unalia ufundi unakufa?" Juliana alimuuliza. "Umefufuka, mbona umenuna?"

"Wanaharibu vioo tu wale."

Darubini ya Violeth ilipokamilika, Sostenes alialikwa. Jua lilikuwa limetua punde.

"Shikamoo, Baba Agnetha," Violeth alimwamkia kwa jina la bintiye. "Karibu, tazama wewe kwanza."

"Marahaba."

Aliinama akiomba moyoni akute ukungu. Akaiona Zohali, na pete yake imejitenga nayo safi kabisa. Kwenye darubini yake mwenyewe, sayari ile haikuwahi kuwa zaidi ya punje ya mtama. Alitaka kusema kioo kimepinda, lakini watu wote walikuwa wanamtazama mdomoni.

"Inaonyesha," alisema, akasogea pembeni.

"Tunakuomba uwe mlezi wetu," Violeth akamwambia.

"Nina kazi nyingi."

Nyumbani alikifungua kioo cha darubini yake, akakigeuzageuza kwenye taa, asile chakula.

Jumapili iliyofuata Sostenes alifika nyuma ya lile duka, kioo kipya kimefungwa kwenye khanga ya mkewe. Alichagua pipa la mwisho, akawapa wote mgongo, akaanza kusugua. Violeth alipocheka na wenzake, yeye aligeuza shingo kidogo, akatazama kwa kuibia jinsi anavyokilaza kiganja juu ya kioo.