Maneno Yaliyobandikwa Ukutani

Zuhura binti Abdulwahab alizaliwa Kambarage, mjini Shinyanga, kwa muuza vitambaa ambaye hakutaka kusikia mtoto akisema "mambo" pale panapostahili shikamoo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini akaolewa na mchimbaji, akamfuata Geita, na kile Kiswahili cha baba yake akakiacha nyumbani kama nguo ya sikukuu. Mume alikuja kufariki kwa kifua. Zuhura akabaki na sufuria zake, binti mmoja aitwaye Tabu, na sikio.

Miaka thelathini amewapikia wachimbaji. Siku hizi banda lake lipo kwenye machimbo madogo nje ya Kahama, jirani na makarasha, zile mashine za kusaga mawe, na jioni hurudi kwake Nyahanga. Akimsikia mtu anaagiza chai, anajua aliingia machimboni enzi gani. Anayeita pesa njuluku ni wa wakati wa sururu na kamba ya katani, na meno yake yanahesabika. Wa mshiko walikuja na kaseti na suruali pana. Wa mkwanja walikuja na simu za mkononi. Wa sasa wanasema mpunga, nao husema bila kuinua macho kwenye kioo cha simu.

Pesa kila mtu aliiita atakavyo. Neno zito lilikuwa moja tu: la kusema kwamba duara, yaani shimo la kuchimbia, limetoa dhahabu. Hilo halisemwi wazi mezani. Mpita njia akilinasa, kesho yake watu mia wamesimama ukingoni na koleo begani. Kwa hiyo kila kizazi kilijitungia lake. Wazee walisema duara limecheka. Baadaye likawa limewasha taa. Mwaka huu vijana wa Ngusa, msimamizi wa duara kubwa kuliko yote pale, walisema mgeni kafika. Zuhura alisikia yote, hakurudia hata moja nje ya nyumba yake. Hakuna aliyewahi kumwomba anyamaze, na ndiyo sababu walikula kwake.

Nyumbani, hata hivyo, alikuwa akimsimulia Tabu, wakicheka. Tabu amesomea hoteli Mwanza, amefundishwa kuvuta wateja. Ijumaa moja mama yake alipokwenda msibani Kambarage, binti akachukua karatasi ya manila na kalamu za rangi, akaandika maneno yote na maana zake, akabandika ukutani juu ya ndoo ya kunawia. Juu kabisa akaandika: Kamusi ya Machimbo.

Jumatatu Zuhura alikuta madereva wawili wageni wakipiga picha ukuta. Benchi la nyuma lilikuwa tupu. Vijana wa Ngusa walikuwa kule kwenye karasha, wamesimama, wanatafuna mihogo ya kuchoma.

"Umeandika na la mgeni?" Zuhura alimwuliza Tabu.

"Nimeandika yote, mama. Si maneno tu?"

Hakumgombeza. Yeye ndiye aliyebeba maneno ya watu kwenda nayo nyumbani, kama anavyobeba maharage yaliyobaki. Alivua aproni, akaenda duarani. Wanawake pale hawavuki kamba iliyozungushwa, naye akasimama nyuma yake mpaka Ngusa alipopanda juu, vumbi jeupe hadi kwenye kope.

"Shikamoo, Mama Tabu."

"Marahaba. Ngusa, nimewakosea."

"Mbona umetusaidia. Jana kaja broka na picha kwenye simu, ananiuliza mgeni kafika? Nikamwambia kafika, ingia ndani umwoshee vyombo."

Wenzake walicheka. Ngusa mwenyewe hakucheka.

"Karatasi naitoa leo."

"Itoe au iache, yote sawa. Lile neno tumeshalifukia. Tuna jingine."

"Usiniambie."

Ngusa alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Neno silitaki," Zuhura alisema. "Nataka mrudi mle. Mkikaa kwangu semeni mtakalo, mkitaka nyamazeni."

"Na binti?"

"Binti ni wangu. Niachie."

Ngusa alijipangusa uso kwa kofia. "Tutaona, mama," akasema, akarudi kwenye kamba ya kushukia shimoni.

Zuhura alichukua kisu akakata nusu ya chini ya ile karatasi, penye maneno yaliyo hai, akaitia motoni. Nusu ya juu aliiacha. Kesho yake Mayala, mchimbaji wa zamani anayelinda makarasha, aliisoma kwa kidole, taratibu, kama mtu anayepapasa njia gizani.

"Limecheka," alisema. "Hili tulilisema na mumeo kule Nyarugusu, hatuna hata viatu."

Alikaa chini yake, akanywa vikombe viwili vya chai. Zuhura alimwacha. Aliona kuwa neno nalo hufika siku ya kustaafu. Likishamaliza kuficha, linaruhusiwa kukumbusha.

Alhamisi benchi la nyuma likajaa.

"Mama Tabu, hii nyama ya ng'ombe au ya mwenye ng'ombe?"

"Kula. Ukifika kwenye mfupa utamtambua."

Wakala. Katikati ya kelele mmoja akauliza, "Jamani, Kishapu wameamkaje?"

"Nasikia kumenyesha," Ngusa akajibu, akimega ugali.

Kilikuwa kiangazi cha kupasua ardhi. Tabu, aliyekuwa akipita na jagi la maji, alisimama. Aliangalia anga jeupe, akaangalia zile nyuso zilizokuwa zikijizuia kutabasamu, na mdomo wake ukaanza kufunguka. Zuhura alishika mwiko, akangoja.

"Nani kaishiwa pilipili?" Tabu akauliza.

"Huku, dada. Wabeja," mmoja akashukuru kwa Kisukuma.

Akawapelekea pilipili. Jioni wakarudi Nyahanga wakizungumzia bei ya mkaa na kiatu cha Tabu kilichokatika, na hakuna kati yao aliyetaja mvua.