Chuma cha Uani kwa Sugni

Katika kijiji cha wachonga mawe, pembezoni mwa jangwa la Thar, mkamwana hasemi na mwanamume mgeni mbele ya mama mkwe wake. Dhapu aliishika adabu hiyo tangu aolewe, nayo ndiyo iliyomziba mdomo siku fundi wa vipimo alipoketi uani kwao akinywa mtindi.

Mwaka uliotangulia, serikali ilikuwa imesimika uani humo chuma chenye jicho la kioo lililoukodolea udongo. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha joto la ardhi lionwalo na setilaiti. Viwili hivyo vikiafikiana kwamba kiwango cha hatari kimepitwa, machimbo hufungwa adhuhuri. Hukmaram, mumewe Dhapu, alikuwa amebebwa kutoka machimboni kiangazi kilichopita, hajitambui. Hata hivyo, machimbo hayakuwahi kufungwa.

"Setilaiti inasema hapa ni kikaangoni," fundi alicheka. "Chuma chenu kinasema raha mustarehe! Mama, mmehamia milimani nini?"

"Baraka za nyumba, mwanangu," alijibu Sugni, mama mkwe, kifua mbele.

Chini ya ushungi, Dhapu alijua baraka hizo ni nini. Kila siku jua likipanda, Sugni humwamuru ausiribe ua kwa samadi na kuunyunyizia maji, hasa penye chuma, udongo ukapoa chini ya jicho lake: mgeni wa serikali hakai vumbini! Na hao waliokisimika, wasomi watupu, hakuna aliyejishusha kumuuliza mwanamke ua wake hutunzwaje.

Alimwinamia mama mkwe. "Mama, mwambie ni maji."

"Nyamaza! Aseme tumeharibu mali ya serikali?"

"Basi mwanao afe?"

Sugni akamweleza fundi habari ya maji, macho chini. Fundi akaweka bilauri.

"Mlikiheshimu, naelewa. Lakini kituo chenye kasoro hakisomwi. Nakifunika mpaka wakaguzi waje, mvua zikiisha."

"Na mpaka hapo?" Dhapu aliuliza mwenyewe, kwa sauti.

"Shahidi mmoja hatoshi, dada. Hata awe wa angani."

Chuma kikavishwa turubai, kikawa kitu pekee kijijini kilichokingwa dhidi ya jua adhuhuri ile. Hukmaram, aliyekuwa amerudi kula mkate wa uwele, alisimama kujifunga kilemba.

"Usiende," Dhapu alisema.

"Tutakula huo udongo?"

Dhapu akamnyang'anya kilemba, akakitosa katika maji ya ua yaliyosalia ndooni, akamrudishia kikichuruzika. Hukmaram akajifunga, akaenda. Alipofika langoni, kilikuwa kimeanza kukauka.