Ngumi ya Nyaga

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Nyama, ndivyo tulivyomwita Mzungu mkuu wa wanyamapori wa wilaya, alinikuta kambini mlimani, juu ya mji wa Nkubu, nikihangaika kusimamisha hema. Hakuniuliza jina. Alinionyesha kinyesi cha mbogo, akataka kujua ni cha lini. Nikakivunja kwa kijiti, nikagusa ndani, nikasema ni cha alfajiri.

“Mzuri,” akasema. “Hapa hapana fikiri kimya. Wewe naona kitu, sema palepale.”

Vijana mtaona ni ukali tu. Lakini mbogo aliyejeruhiwa huzunguka na kurudi kuvizia kando ya njia yake mwenyewe. Mfuata nyayo hutangulia ameinama, wenye bunduki wakiwa nyuma yake. Akichelewa kusema, anazikwa. Kwa hiyo tulitaja kila kitu kwa sauti ya chini, mfululizo: damu hapa, amelala hapa, ameinuka sasa hivi. Baada ya miaka michache mdomo ulijiendea wenyewe.

Mwenzangu alikuwa Nyaga, mtu wa Embu, mcheshi, mvivu wa kuosha sufuria. Tulilala hema moja na baridi ya mlima ikizidi tuligawana blanketi. Kila alipopiga goti kusoma njia aliegemea ngumi ya kushoto, ile iliyokosa kidole cha pete kwa sababu ya mtego wa chui. Alikuwa hodari kuliko mimi, nami sikupenda kukiri.

“Wewe Mmeru unafuata nyama kama mtu amepoteza ng'ombe yake,” alinitania. “Haraka ya nini?”

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Wawindaji wenye leseni walikatazwa msitu, kambi ikafungwa. Nyaga alienda kwao kumwona mkewe na hakurudi. Wengine walisema yuko kizuizini, wengine msituni. Mimi nilikabidhiwa kwa Kapteni wa askari, nikaanza kufuata watu, wale waliokimbilia msituni kupigana na Wazungu. Niseme wazi: niliogopa kukataa. Aliyekataa alihesabiwa kuwa mmoja wao.

Asubuhi moja tulikuta nyayo za mtu mmoja chini ya mianzi. Nikainama, na mdomo ukaanza kazi yake.

“Amepita leo, umande umepukutika majanini. Amechoka, hatua ni fupi. Amepiga goti hapa kutazama nyuma, ameegemea ngumi ya kushoto. Ameelekea mtoni.”

Ndipo nikaitazama vizuri alama ya ile ngumi. Ilikuwa na pengo mahali pa kidole cha pete.

“Bwana, nimekosea,” nikasema. “Hizi ni za jana. Huyu amepanda juu.”

Kapteni akaelekeza bunduki mtoni. “Wewe hapana kosea,” akasema. “Twende mto.”

Tulimkuta Nyaga amechutama akinywa maji. Walipiga risasi mbili. Kapteni akanipa sigara, nami nikaivuta yote, na aibu ya sigara ile sijapata kuisahau.

Baada ya Uhuru niliendelea na kazi chini ya wakuu wengine, Waafrika wenzetu, hadi nikastaafu. Wajukuu wanataka hadithi za tembo, nami nawapa. Nilipoachana na kazi nilikuwa na safari moja tu iliyobaki. Nilienda Embu kumtafuta mke wa Nyaga.

Alinipa uji, akaketi kuchambua maharagwe. Nikamwambia kwamba siku ile aliyetangulia mbele ya askari ni mimi. Mikono yake haikusimama.

“Najua, mzee,” akasema. “Walipokuja kuniambia amepatikana, nilijua ni wewe. Nyaga alikuwa anakusifu sana hapa nyumbani. Alikuwa anasema mtu anaweza kumfikia huko msitu ni wewe peke yako.”