Tochi Tatu Zilizotangazwa Kufa

Tochi ya kwanza ya Bibi kutangazwa kufa ilikuwa nzima. Nina ushahidi. Ndiyo niliyosomea mtihani wa kidato cha pili, na nikafaulu, jambo lililowashangaza walimu kuliko lilivyonishangaza mimi.

Ilikuwa tochi ndogo ya bati, ya betri moja, ndefu kama kidole cha kati. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Bibi aliifunga kwenye pindo la kanga, na haikutoka hapo mpaka anapanda kitandani. Miaka mitano. Katika miaka hiyo ilidumbukia kwenye ndoo ya maji ya kunywa, tukaitoa, tukanywa maji. Ilikanyagwa na ng'ombe, na aliyechechemea ni ng'ombe. Mara moja ilifuliwa pamoja na kanga, ikapigwa juu ya jiwe kama nguo nyingine, na nilipokwenda kuanua nikaikuta pale kwenye kamba inawaka mchana kweupe. Rangi yake nyekundu ilikwisha ikabaki inang'aa kama sufuria ya harusi. Kwenye nyumba yetu hakuna kitu kilichodumu vile, ukitoa hasira za shangazi.

Bibi hakuibeba kwa ajili ya usiku. Usiku yeye hulala. Aliibeba kwa ajili ya mayai.

Kwetu, nje kidogo ya Iguguno, kuku akishaatamia siku saba, mwenye kuku anayapanga mayai kwenye kikapu chenye pumba na kuyaleta kwa Bibi. Bibi anaingia nayo stoo, anafunga mlango, anaziba dirisha kwa gunia. Anashika yai upande butu ukiwa juu, anaibana tochi ndani ya ngumi, anaigandamiza pale. Yai zima linawaka. Ukiona mishipa imetawanyika kama mizizi ya mchicha uliong'olewa, humo kuna kifaranga, linarudi kwa kuku. Ukiona mwanga mtupu, hakuna kitu, na desturi ni kwamba yai tupu halirudi kwa mwenyewe. Linabaki kwa mpimaji. Ndiyo asante yake.

Mtu anayelipwa kwa mayai anayoyakataa yeye mwenyewe inabidi awe mwaminifu sana na awe na macho. Uaminifu Bibi alikuwa nao wa kugawa. Macho ndiyo yalikuwa yanaondoka, na nyumba nzima tulikuwa tunailaumu tochi.

"Imekufa hii," alisema siku moja akitoka stoo. "Mume wangu, hebu itazame."

Mume wake ni mimi. Bibi na mjukuu ni watani, hilo halina mjadala. Ananiita mume tangu sijaota meno, na mimi namwambia kila siku kwamba nitaoa mke wa pili anayejua kupika. Nikaifungua tochi, nikasugua springi kwa msasa, nikaanika betri juu ya bati kama wanavyofanya watu wote wenye akili. Nikaiwasha. Iliniumiza macho.

"Imepona, mke wangu."

Akaishika, akaielekeza usoni kwake, akatikisa kichwa. "Imekufa. Inataka tu kukufurahisha wewe."

Tukanunua ya pili pale gulioni. Ilidumu miezi mitatu, kwa hesabu ya Bibi. Ya tatu aliileta baba mdogo, anayeuza vitunguu barabarani pale Mkiwa, mtu anayejiona anazijua bidhaa zote zinazopita na malori.

"Vitu vya siku hizi, mama," alisema, huku akiigonga tochi ya pili kwenye goti lake, "vinafika vimeshachoka na safari."

Ile ya tatu nayo ikachoka baada ya wiki sita. Zote nilizirithi mimi; siku za kupima tu Bibi aliazima ile ya tatu, kwa manung'uniko. Darasani kwetu wako watu wenye simu, wako wenye jozi mbili za viatu, lakini mwenye tochi tatu zinazowaka nilikuwa peke yangu.

Ukweli niliujulia jikoni, tochi ya pili ikiwa bado kazini. Mayai tupu yaliyokuwa yanabaki yalianza kuongezeka. Zamani tulibakiwa na mawili, matatu. Sasa yakawa matano, sita, na mpishi wa mayai nyumbani ni mimi. Asubuhi moja nikapasua la kwanza, safi. La pili, safi. La tatu likamwagika kwenye bakuli na damu, na katikati ya damu kuna kitu kina macho mawili meusi, kinanitazama kama mwalimu wa zamu.

Nikampa mbwa.

Wiki iliyofuata yakawa mawili. Mbwa akapata tena. Nilijua kabisa kinachoendelea. Kimoja, tochi haina tatizo. Kingine, nilikuwa nakula mayai mara nne kwa wiki, na mtu anayekula mayai mara nne kwa wiki hawi na haraka ya kusema ukweli. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa.

Kumbe watu nao wanahesabu. Mzee mmoja anayekaa karibu na josho la ng'ombe, mwenye majogoo makubwa anayoyapenda kuliko wajukuu wake, alisema gulioni kwamba tochi ya Bibi siku hizi ina njaa. Watu walicheka. Mwanafunzi mwenzangu akaniletea kicheko hicho shuleni kikiwa bado cha moto: "Oya, kwenu mnakula chipsi mayai za wizi?" Nikacheka na mimi. Lakini Bibi yangu, kuliko umwite mwizi wa mayai, afadhali umwite marehemu.

Basi jioni hiyo nikamwambia. Nilimwambia kwa njia niliyoizoea.

"Mke wangu, tochi ni nzima. Macho yako ndiyo yameisha betri."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia nimwanike juu ya bati. Akampigia simu shangazi, mwanawe anayekaa Mandewa, akamsimulia huku anafuta machozi. Nikamsikia shangazi naye akicheka huko mjini. Kesho yake aliwasimulia wanawake kisimani, kwa Kinyiramba, na kwa Kinyiramba ilichekesha zaidi. Ndani ya siku tatu ule ukweli wangu ulikuwa utani unaopendwa kuliko wote kijijini. Nilijaribu tena, safari hii uso mkavu: "Bibi, sitanii." Akaniambia, "Hapo ndipo unaponimaliza."

Mtu ukishakuwa mtani, huna pa kusemea.

Jumamosi moja akaja jirani yetu, mama wa nyumba ya pili. Kideri kilikuwa kimepita kwake kama moto wa nyasi. Kuku ishirini na kitu walilala jioni, asubuhi hawakuamka. Akabakiwa na tetea mmoja, na tetea huyo alikuwa ameatamia mayai kumi na moja. Aliyabeba yale mayai kama mtu anayebeba supu iliyojaa. Akakaa kwenye kigoda nje ya stoo, mikono kati ya magoti.

Bibi alitoka. "Mwanangu, pole. Ni matatu."

"Matatu tu, mama?"

"Matatu. Mengine hayana kitu."

Jirani hakubisha. Akasema asante, akafunika yale matatu, akaondoka polepole. Bibi akanikabidhi bakuli la mayai manane. "Kapike."

Niliingia stoo nikafunga mlango. Nikatoa mfukoni tochi ya kwanza, ile marehemu wa kwanza, nikayapima moja moja. Mizizi. Mizizi. Mizizi. Moja tu ndilo lililokuwa tupu. Mayai saba yalikuwa na uhai, na yalikuwa yanapoa mkononi mwangu.

Sikufikiria sana. Nikayafunga kwenye sweta la shule, nikapita nyuma, katikati ya alizeti, nikamkuta jirani anakaribia mlangoni kwake.

"Shikamoo mama. Bibi amesema amekosea. Haya saba nayo yarudi."

Alinitazama. "Bibi yako hakosei."

"Leo amekosea."

"Mbona hakuja mwenyewe?"

"Anaona aibu," nikasema, na huo ndio uongo mbaya kuliko wote niliowahi kusema, kwa sababu Bibi hakuwa na habari. Jirani akapokea. Hakuniuliza zaidi; mkono wake ulikuwa tayari umeshaingia kwenye sweta kuona kama bado yana joto.

Nyumbani nilikaanga lile moja tupu. Bibi akauliza mbona harufu ni ndogo. Nikamwambia mafuta yamepungua.

Wiki mbili zikapita, na mambo yangekwisha hapo kama jirani angekuwa mtu asiye na shukrani. Alikuja Jumapili baada ya ibada na boksi la katoni, akaliweka mapajani kwa Bibi. Lilikuwa linalia ndani.

"Mama, nimekuletea uwaone. Wote wametoka. Asante kwa kunirudishia yale saba. Mwingine angenyamaza."

Mimi nilikuwa nachambua maharage. Niliyachambua kwa bidii ambayo maharage yale hayakuwahi kuiona.

Bibi aliingiza mkono kwenye boksi, akawa anawagusa vichwa, mmoja mmoja, taratibu, midomo ikihesabu bila sauti. Akafika kumi. Akarudia. Akafika kumi.

"Ndiyo," alisema. "Nilikosea."

Alimsindikiza jirani mpaka njiani, akarudi, akakaa. Nilisubiri aniite mume. Akaniita kwa jina langu la kwenye rejista ya shule, na la baba yangu akaongeza.

"Nilipitisha matatu."

"Ndiyo, Bibi."

"Saba umeyatotoa wewe?"

"Hapana. Kuku."

Hakucheka. "Zilete tochi zote."

Nikazileta, zote tatu. Akaniambia niwashe ya kwanza. Nikawasha. Akaisogeza karibu na jicho la kulia mpaka ikagusa kope.

"Imewaka?"

"Imewaka."

"Na hii?"

"Imewaka, Bibi."

"Na hii ya baba yako mdogo?"

"Inawaka sana."

Akazigeuza moja moja kwenye jicho la kushoto. Mchana ule, kwenye kivuli cha ukuta, nilimwona akitafuta kitu kilichokuwa mbele yake kabisa. Akaziweka chini.

"Naona ukungu. Na ndani ya ukungu, ukungu mweupe kidogo. Ulijua lini?"

"Tangu tochi ya pili."

"Na ulikula."

"Yaliyokuwa tupu nilikula mimi. Mengine alikula mbwa."

Akaanza kukunja vidole, anataja nyumba. Mayai ya watu alikuwa anayakumbuka kama mimi ninavyokumbuka mabao: nani alileta mangapi, alirudishiwa mangapi, tetea alikuwa wa rangi gani. Nyumba zilizopunjwa zikawa nne.

Jioni nikampigia shangazi, nikamwambia bila utani hata chembe, nikampa simu Bibi, na Bibi akasema neno moja tu: "Kweli." Shangazi akasema anakuja kesho kumchukua, kuna daktari wa macho hospitali pale Singida mjini, huenda ni mtoto wa jicho, linatibika. Bibi akamwambia aje keshokutwa. Kesho ana kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenda kwenye nyumba nne. Alinishika bega, mimi mbele, yeye nyuma. Kila nyumba alisema maneno yaleyale: "Mayai yenu mengine yalikuwa mazima. Sikuyaona. Macho yangu yamekwenda na sikukubali." Halafu ananisukuma kidogo mgongoni, na mimi nasema, "Na mimi nilijua, nikanyamaza, nikala." Nyumba ya kwanza walisema haina neno. Ya pili wakatupa uji. Ya tatu, mama mwenye nyumba aliniuliza kama yalikuwa matamu. Nikajibu ndiyo, kwa sababu nilishaamua siku hiyo kutosema uongo, na nikapigwa kofi la kisogo ambalo Bibi alisema limefika mahali pake.

Ya nne ilikuwa ya yule mzee wa karibu na josho. Alitusikiliza akiwa amesimama, jogoo mmoja miguuni pake.

Nikasema langu. Akanitazama. "Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekula mangapi ya kwangu?"

"Manne. Na mbwa mawili."

Akamgeukia Bibi. Alikohoa. "Mimi nilisema maneno gulioni."

"Niliyasikia," Bibi alisema.

"Nitayarudisha gulioni hukohuko. Ijumaa." Akasita. "Leo nina tetea mwenye siku saba. Nani atanipimia?"

"Mimi sipimi mpaka nirudi hospitali."

"Basi huyu."

"Huyu?" Bibi akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu jana. "Huyu anakula."

Lakini akanisukuma tena mgongoni. Nikaingia peke yangu chumbani kwa mzee, nikaziba dirisha kwa koti lake, nikatoa tochi ya kwanza mfukoni, nikaibana ndani ya ngumi. Mayai tisa. Manane hayakunisumbua. La tisa lilinitoa jasho. Kulikuwa na kitu, lakini sikuona mizizi. Kivuli tu, pembeni, na mstari mwembamba kama wa penseli. Nililigeuza. Nikaligeuza tena. Huko nje wote wawili walikuwa wananisubiri.

Nikatoka nalo. "Hili silijui."

Mzee akataka kusema. Bibi akanyoosha kiganja, akamzuia.

"Unaona nini? Usiniambie unafikiria nini. Unaona nini?"

"Kivuli upande mmoja. Mstari."

"Mstari unazunguka, au umenyooka?"

Nikarudi ndani. Nikatoka. "Umenyooka. Una tawi dogo, moja."

"Ukiligeuza, kivuli kinakufuata au kinabaki nyuma?"

Nikarudi tena, nikatoka tena. "Kinabaki nyuma kidogo, halafu kinakuja."

Bibi alifikiri, uso ameuelekeza mahali ambapo hakuna mtu. "Limechelewa tu," alisema. "Limrudie mama yake. Baada ya siku tatu huyu atakuja kulitazama tena."

Mzee alilipokea kwa mikono miwili, akainama kwenye mlango mfupi, akaingia nalo ndani.