Siku Verna Alipoficha Gari

Katika mji wetu mdogo wa nyanda za Saskatchewan, Kanada, mtu habishi hodi kabla ya kutazama uani. Gari lipo, mwenyewe yupo. Verna Hrynkiw, muuguzi wa nyumba ya wazee, analijua hilo kuliko sote: akirudi zamu ya usiku, hata viatu hajavua, mtu ameshafika na jipu lake au kikohozi cha mjukuu.

Wiki iliyopita alisinzia kwenye usukani akaingia mtaroni. Hakuumia. Daktari alimwambia asipopata siku ya kulala, safari ijayo ataua mtu, labda yeye mwenyewe. Basi Jumamosi asubuhi mumewe, Delmar, alilileta gari kwangu, tukalificha ghalani nyuma ya trekta.

"Jirani, ukiulizwa, hujui kitu."

"Kwani nimewahi kujua kitu mimi?"

Tulicheka. Hatukuwaza kwamba ua mtupu nao una maneno yake. Jua halijapanda vizuri, mji mzima ulishajua kuwa Verna kamkimbia mumewe. Bi Orysia wa kanisani akaja na bakuli la pirogi, zile sambusa za viazi za kuchemsha, nyuma yake wenzake na keki na kabichi zilizoviringishiwa wali. Nikawafuata mbio, nimechelewa.

"Pole, mwanangu," Bi Orysia alimwambia Delmar mlangoni. "Mwanamke haondoki bure. Ulimfanya nini?"

"Hajaondoka! Amelala!" Delmar alinong'ona.

"Amelala kwa nani?"

"Kitandani kwangu, mama! Punguzeni sauti!"

Haikupungua. Verna akatoka na gauni la kulalia, macho mekundu. Wakamkumbatia, wakamlilia kwa furaha. Alijaribu kutabasamu, kisha akatazama chini.

"Bi Orysia, huo mguu umevimba tangu lini?"

"Achana nao, ni uzee tu." Lakini alishavuta kiti na kuunyoosha.

Verna akapiga magoti, akaubonyeza kwa kidole. Mmoja wa wenzake Bi Orysia akafungua mkoba, akatoa chupa ya vidonge.

"Kwa kuwa umeshaamka, mama, hebu niangalizie na hivi."

Delmar alinitazama, nikamtazama. Utamfukuzaje mtu aliyekuja na chakula?

Walipoondoka, mchana ulikuwa umekwisha. Verna alijilaza, akatoka tena.

"Usingizi haukuja?" nikauliza.

"Ulikuja. Ukakuta wageni."

"Piga simu kazini, sema unaumwa, zamu ya leo huiwezi."

"Nikisema hivyo, muuguzi mwenzangu Lorraine hatoki. Yuko kule tangu jana, na hawezi kuwaacha wazee bila wa kumpokea."

Jioni nilimpeleka Verna kazini kwa gari langu. Alisinzia kabla hatujafika kona ya kwanza, kichwa kikigonga kioo. Niliendesha polepole kadiri nilivyoweza, lakini mji wetu ni mdogo.